Siku Nne Nilizokwama Mtambile

Nyote mmeniuliza, na kila mmoja nimemjibu nusu. Bi Mwanakombo nilimwambia nimechoka tu. Wifi yangu Mize nilimwambia meli imeniacha, akasema meli haina huruma. Sasa naandika mara moja kwa herufi hizi za Kurani nilizofundishwa chuoni nikiwa mtoto, maana elimu nyingine sina. Anayeweza kusoma amsomee asiyeweza. Nikishamaliza, tafadhalini msiniulize tena.

Mwaka huu ulivyonikuta mnajua. Mume wangu, Shaame bin Kombo, alifariki mwezi kumi na saba, Rajabu. Nikaingia eda. Sijafika nusu yake, ndugu za marehemu wakaja barazani kusema nyumba igawanywe, kila mwenye haki achukue chake. Mie nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nasikia. Mwanangu wa mwisho, Hamad, alikuwa amekaa nao. Akasema, "Wacheni wachukue. Mama nitamjengea."

Mie nililisikia lile la kwanza tu. Nikamwita. Akaja pale penye pazia, nikamwambia, "Hamad, sina radhi nawe."

Nimezaa watano, nimezika wawili, na neno hilo sijapata kumwambia mtoto mwengine. Kesho yake akaenda Mkoani kufanya kazi ya kupakia karafuu.

Basi niliketi na hilo. Mume sina, nyumba si yangu tena, mtoto ameondoka bila radhi. Usiku silali. Wenzangu mkiniambia soma uradi, nasoma, na ulimi unasoma na moyo uko Mkoani. Nikajipa ahadi moja: siku nitakayotoka eda nitamfuata nimfungue, nimpe radhi.

Nilipokwisha ogeshwa kutoka edani, nikawa dhaifu, sikuweza safari. Siku ya nane Jumamosi, Mzee Hamisi anayechukua samaki wa Tumbe kwa baiskeli akanipa habari. "Bi Asha, mwanao anaondoka. Jumamosi ijayo meli ya Mombasa. Anakwenda bandarini huko, na wenyewe wasema huko mtu harudi kabla ya vita hivi vya Wazungu kwisha."

Jumapili alfajiri nikatoka.

TUMBE HADI KONDE

Nilifuatana na Bi Chumu binti Haji, aliyekuwa akienda kwa bintiye Ole. Bi Chumu mnamjua, mdomo wake hauna mlango. Hatujatoka mjini akaanza.

"Asha, punguza mwendo. Wakimbia kama bibi harusi aliyekosea nyumba."

"Miguu haikimbii, Chumu. Ni roho."

"Basi iambie roho itungoje Konde, mie nina goti."

Tulikula mhogo wa kuchoma kando ya njia, mkavu, bila nazi wala samaki. Wali mnajua ulivyoadimika, tumesahau hata harufu yake. Bi Chumu alitafuna akasema huu mhogo ulipandwa na mtu mwenye kinyongo. Nilicheka. Nakwambieni nilicheka, na hapo hapo nikaona haya, kama mtu aliyekutwa anaiba.

Konde tulitazamia lori la mbata, zile nazi zilizokaushwa. Tukaambiwa na mtu mmoja pale lipo, laja sasa hivi. Tukangoja mpaka adhuhuri. Laja. Mpaka alasiri. Kila tukiuliza, laja. Magharibi yule mtu akasema lori limefika tangu jana, lakini dereva wake yuko harusini. Tukalala kwa jamaa zake Bi Chumu, wakatupa uji. Siku moja ikawa imekwenda, nami nimetembea njia ambayo watoto huitembea wakienda kuchuma karafuu na kurudi.

KONDE HADI OLE

Dereva aliitwa Bakari, macho mekundu ya kukesha. Tukapandishwa juu ya magunia ya mbata. Hatukwenda mbali gurudumu likapasuka. Mipira haipatikani siku hizi, kwa hiyo Bakari na mwenzake wakakata nyasi wakaanza kushindilia ndani ya tairi, kama mtu anayejaza godoro. Tulikaa kando ya njia saa nyingi. Lori lilipoondoka likawa linachechemea kama Bi Chumu.

Pale kando ya njia alikuwapo mwanamke mmoja wa Kiuyu, Bi Mgeni, amebeba kuku wawili. Alininusa. Wifi yangu alinifukiza udi siku ya kutoka edani, na harufu ilikuwa bado imo kwenye kanga.

"Bibi wanukia," akasema. "Umeolewa?"

Bi Chumu akamdaka. "Nani amwoe huyu, meno manne? Katoka edani."

"Oo. Poleni. Mzee alifariki lini?"

"Rajabu," nikasema. "Kumi na saba."

Nilimwona akiangalia vidole vyake. Akavigusa kimoja kimoja, akanitazama, akafunga mdomo. Akaanza kusema habari za kuku. Wakati ule nilidhani ana adabu tu. Alikuwa na adabu kweli, ndiyo iliyomzuia kumwaibisha mtu mzima mbele ya watu. Hata leo sijui kama nimshukuru au nimlaumu.

Tuliingia Ole usiku. Binti yake Bi Chumu alitupikia ndizi mbichi na kunde. Bi Chumu aliponiaga asubuhi hakufanya mzaha. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Mwambie neno moja tu, Asha. Usianze kumhesabia makosa." Nikamwambia sitaanza.

OLE HADI MTAMBILE

Kutoka Ole nilikwenda kwa miguu mpaka nikapata gari la ng'ombe lililokuwa likipeleka makuti mjini Chake. Mwenyewe hakuniuliza kitu, wala sikumwambia kitu. Chake nikapata lori la unga linalokwenda Mkoani. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, leo Jumanne jioni namwona.

Lilifika Mtambile dereva akazima. Petroli yake ya wiki imekwisha, mpaka Jumatatu. Akasema, "Bibi, Mkoani si mbali, maili saba hivi." Alisema hivyo kwa sababu miguu ni yangu.

Alasiri ilikuwa inapita. Nikapiga hodi nyumba ya karibu, niombe maji ya kutawadha. Ndipo nikaingia nyumba ya Bi Riziki binti Salim.

MTAMBILE

Bi Riziki ni mwanamke wa umri wangu, mwembamba, anasomesha watoto wa kike Kurani barazani kwake. Mumewe ni Mzee Faki bin Omar, mkulima, mtu wa maneno machache sana. Walinikaribisha kama wanaonijua. Baada ya sala Bi Riziki akaniletea mhogo uliopikwa kwa nazi, wa kwanza wenye nazi tangu nitoke nyumbani, akaketi mbele yangu kunisikiliza.

Nikamweleza kwamba nimefiwa, nimetoka edani, namfuata mwanangu. La radhi sikumwambia. Aibu ya nyumba yako humpi mtu unayemwona mara ya kwanza.

"Mzee alifariki Rajabu ngapi?" akauliza.

"Kumi na saba."

Yeye hakuficha vidole. Alihesabu kwa sauti, kama anavyowahesabia watoto wake. "Kumi na saba Shaabani, mmoja. Kumi na saba Ramadhani, miwili. Mfunguo Mosi, mitatu. Mfunguo Pili, minne. Na siku kumi, ishirini na saba." Akasita. "Bi Asha, leo mwezi ishirini na tatu."

"Mie nilikwisha ogeshwa, dada. Zaidi ya siku kumi sasa."

"Nani aliyekuhesabia?"

Nikamwambia. Kwetu pwani tunahesabu bamvua, yale maji makubwa yanayokuja mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Miezi minne ni bamvua nane. Wifi yangu Mize alikuwa akitia simbi moja, kauri ya pwani, bakulini kila bamvua likija. Simbi zikatimia nane, tukaongeza siku kumi, nikaogeshwa.

"Siku ya maziko," Bi Riziki akasema polepole, "maji yalikuwaje?"

Sikuhitaji kufikiri. Yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi. Waliokwenda kuchimba kaburi walizunguka kwa juu.

"Na simbi ya kwanza ilitiwa lini?"

"Siku hiyo hiyo," nikasema.

Tulitazamana. Bamvua lile lilikuwa limekwisha ingia kabla hajafa. Tulilihesabu, nalo halikuwa letu. Nilikuwa mwanamke wa edani niliyejifukiza udi, nikapanda malori na kulala nyumba mbili za watu.

Msimlaumu Mize. Nilikuwa nimekaa karibu na bakuli lile miezi yote ile. Ningeweza kuhesabu mwenyewe. Ramadhani ilipita juu yangu, Idi ikapita, na sikuweza kusema leo tarehe ngapi. Kichwa kilikuwa kimejaa nyumba na Hamad.

Jumatano asubuhi Mzee Faki akaenda kumwuliza mwalimu wa msikiti. Akarudi akasimama mlangoni, akayasema kama alivyopewa. "Atimize hapo alipo. Mchana akiwa na dharura atoke, lakini jua likizama awe ndani ya nyumba hii. Eda inakwisha Jumamosi magharibi."

Meli ilikuwa Jumamosi mchana.

Mzee Faki akakohoa. "Nina baiskeli," akasema. "Keria yake ni imara. Nitampeleka asubuhi, nitamrudisha alasiri."

"Panda," Bi Riziki akaniambia. "Mie mkewe ndiye ninayekwambia, panda."

Nikakataa. Nikaona nimekwisha vunja eda siku zote zile kwa kutojua, sasa niivunje heshima yake kwa kujua, nimshike kiuno mume wa mtu katika njia kuu nami mjane? Watu wa Mtambile wangesema nini? Watu wa Mtambile, ambao simjui hata mmoja. Nimelifikiri jambo hili kila siku tangu nirudi. Ningepanda.

Badala yake nikamwomba apeleke maneno. Alhamisi akaenda. Nilimwambia hivi, "Mwambie Hamad bin Shaame, mamako yuko Mtambile kwa Bi Riziki, yumo edani, eda imemzuia kuja. Aje yeye." Nilikuwa nalo lile neno jengine mdomoni kabisa. Nikalimeza. Nilisema mwenyewe, akija nitampa mkononi.

Jioni akarudi.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Ukamwambia?"

"Kama ulivyosema."

"Akasemaje?"

Mzee Faki alifikiri. "Kasema, haya."

Usiku ule nililala. Wa kwanza tangu Rajabu.

NUSU YA NJIA YA MKOANI

Ijumaa asubuhi nikaketi dirishani. Bi Riziki alinipa ukili wa mkeka nisuke. Alisema mkono ukiwa na kazi moyo hupata pa kukaa. Nikasuka. Kila baiskeli iliyopita niliinua kichwa. Alipita muuza ubuyu, akapita askari mmoja, wakapita watu wawili na mzigo wa ndizi. Ukili ulipofika dhiraa tatu niliutazama, nikaona nimeupoteza mstari tangu mwanzo, wote umepinda.

Jua likapanda sana. Nikasimama. "Nakwenda kwa miguu," nikasema.

"Saa hizi? Jua likizama uwe hapa, dada. Njia yenyewe kwenda na kurudi ni maili kumi na nne."

"Labda nitamkuta njiani."

Bi Riziki hakubishana. Alinifungia mhogo ndani ya jani la mgomba, akanisindikiza mpaka mwisho wa shamba lao.

Nilikwenda. Njia ina vilima, kimoja unakishuka, cha pili kinakungoja. Kila niliyekutana naye nilimsalimia nikamwuliza, umemwona kijana mrefu, jino la mbele limevunjika? Mmoja akasema vijana warefu ni wengi, bibi. Mzee mmoja akanijibu kwa uzuri kwamba amemwona, anauza pweza sokoni, na aliponieleza zaidi nikajua ni mwengine.

Juu ya kilima kimoja nikaona bahari ya Mkoani, kipande kama kitambaa kilichoanikwa. Na kivuli changu nikakiona kiko chini ya miguu. Adhuhuri. Nilijua miguu yangu ilichukua muda gani mpaka pale, na kurudi kungechukua zaidi. Nikisonga mbele, jua litazama sijarudi. Nikirudi, nafika Mtambile kabla ya magharibi.

Nilikaa chini njiani pale kama mtoto aliyekataa kwenda. Nikajisemea kwamba aliyekosa mara moja kwa kutojua Mungu humsamehe, lakini mimi sasa najua. Na mama anayetaka kumpa mtoto radhi, ataitoa akiwa yeye mwenyewe ana deni kwa Mola wake? Nilidhani radhi ya namna hiyo haitamshika. Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani. Nyinyi mliosoma zaidi mtaniambia kama nilikosa. Naogopa kumwuliza mwalimu.

Nikageuka. Sikula ule mhogo, nilimpa mbuzi.

Jumamosi, adhuhuri imekwisha adhiniwa, tulisikia sauti mbali, nzito, ndefu. Watoto wa chuo wakanyamaza katikati ya aya. Bi Riziki akasema, "Ni lori hilo." Hakuna lori Mtambile Jumamosi, na yeye anajua, na mie najua. Nikaendelea kusuka ukili uliopinda. Jua lilipozama Bi Riziki akaniletea maji ya moto, akaniogesha mara ya pili, akanisugua mgongo kama ninavyomsugua mjukuu wangu. Ndipo nikamwambia habari ya radhi. Alisimama na kata mkononi maji yakimwagika.

"Kwa nini hukumpa Faki neno hilo?"

"Niliona aibu."

Akaendelea kunimwagia maji.

MKOANI

Jumapili nikaenda, kwa baiskeli. Ndiyo, kwa keria ya Mzee Faki, na watu wote walituona, na hakuna aliyetutazama mara mbili.

Hamad alikuwa amepanga chumba kwa Bi Siti binti Ali, mjane anayepika vitumbua. Vilikuwa vya mhogo, kwa kukosa mchele, akanipa kimoja kabla hajaniuliza mimi nani. Nilipomwambia, alikaa chini.

"Aliondoka jana," akasema.

"Najua. Nilisikia honi. Nataka kujua alisema nini Alhamisi, mzee wa baiskeli alipokuja."

Bi Siti alikuwa akitazama kikaango. "Nikwambie?"

"Niambie."

"Alipokuja yule mzee, mwanao alikuwa hapo mlangoni anavaa viatu. Kapewa maneno. Kasema haya, mzee akaenda zake. Kisha kaniambia mimi, 'Bi Siti, mama kaogeshwa tangu mwezi kumi na mbili, karibu wiki mbili sasa. Shangazi Mize aliniletea habari, mimi nikapeleka sukari ya kahawa ya siku hiyo. Leo eda gani tena? Kaja mpaka Mtambile, na hataki kuniona, anatafuta maneno. Basi na asisumbuke.' Mie nikamwambia, nenda mwanangu, baiskeli naazima kwa jirani, huwezi kujua. Akavaa, akatoka, akaenda mpaka pale kwenye mwembe wa duka. Akarudi. Kasema, akinifukuza tena mbele ya watu wasionijua nitafanyaje."

Mzee Faki alikuwa amesimama nje. Alisikia yote. Alivua kofia, akaivaa tena. Alikuwa amesema kila neno nililompa, wala hakupunguza wala hakuzidisha.

Nikamwomba Bi Siti anioneshe chumba. Kilikuwa kimefagiwa. Alikifagia mwenyewe kabla ya kuondoka, akasema Bi Siti. Hakuna kitu kilichobaki humo.

KURUDI

Njia ya kurudi sina la kusimulia. Malori yalikuwapo yote, hakuna gurudumu lililopasuka, siku moja na nusu nikawa nimefika. Nilipokuwa nina haraka kila kitu kilikwama. Nilipokuwa sina pa kuwahi, njia ikafunguka.

Nimefikia kwa binti yangu Mwanaisha, Kiuyu, maana Tumbe ukuta wa kati wa nyumba yetu umekwisha vunjwa. Wajukuu wanalala kwangu, mmoja huku mmoja kule. Mmenishauri mengi. Bi Mwanakombo kasema nisuke, nasuka. Mwanaisha kasema nile, nakula. Bi Chumu kasema yatapita, na hakulitia mzaha hilo, kwa hiyo nikajua naye haamini. Hayajapita. Kila baada ya sala nasema kwa sauti, Hamad, niko radhi nawe, na naisikia sauti yangu inafika kwenye ukuta wa udongo pale mbele, basi. Barua hajaandika. Pa kumwandikia hapajulikani. Wanaorudi kutoka Mombasa wanasema bandarini watu ni kama dagaa.

Aibu niliyokuwa nayo Mtambile sinayo tena, ndiyo maana nimeandika humu kila kitu, hata yanayonivunjia heshima. Msomeeni anayekwenda Mombasa, awe mnamjua au hamumjui, na akimpa mwengine ampe pia. Jina lake Hamad bin Shaame bin Kombo, wa Tumbe. Mrefu, jino la mbele limevunjika, akitembea huinamisha bega la kushoto. Mkimwona msianze kumweleza eda wala bamvua, atadhani natafuta maneno tena. Mwambieni mama yake yu radhi naye, tangu siku ile ile. Mwambieni hilo tu, kisha mnyamaze.